Jiko dogo linalobana: tafuta sababu kabla ya kununua rangi

Hapa Goma, mashariki mwa Kongo, mtu akiona jiko lake linambana, wazo la kwanza huwa rangi nyeupe, la pili kumwita fundi abomoe ukuta. Vyote viwili vina siku yake, lakini si siku ya kwanza. Jiko la mita 2 kwa 2.2 linaweza kulisha nyumba ya watu wanane bila mpishi kugonga sufuria kila anapogeuka, na jiko la mita 3 kwa 3 linaweza kumkaba mtu hadi akapikie uani. Tofauti inatokana na mambo manne, na yanashughulikiwa kwa zamu: moshi, mwanga, sakafu, halafu rangi. Ukianza na rangi ukauacha moshi, ukuta utarudi kuwa kahawia kabla hata hujalisahau deni la ndoo ya rangi.

Pima kwanza

Asubuhi moja isiyo na mvua, toa kila kitu jikoni: mabido (madumu) ya maji, gunia la makala (makaa), sufuria, kinu, viti. Simama katikati, funga mlango. Kama ghafla jiko limekuwa kubwa, tatizo lako ni mzigo ulio sakafuni, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya sakafu. Kama ni tupu na bado linakulemea, tatizo ni mwanga au kuta.

Wakati vitu bado viko nje, fanya mengine mawili. Saa sita mchana, bila taa, peleka pakiti ya chumvi kwenye kona ya ndani kabisa ujaribu kusoma maandishi yake madogo. Ukishindwa, mwanga haufiki. Kisha lowesha kitambaa cheupe, futa ukuta kwa urefu wa kichwa chako, kisha mahali pengine juu karibu na dari. Kitambaa kikiwa cheusi juu na safi chini, hewa ya moto inakwama juu bila kutoka. Kikiwa cheusi kote, moshi unazunguka chumba kizima.

Macho yanawasha, kuta zimekuwa kahawia, dari inaonekana kushuka

Hii ndiyo dalili inayopuuzwa zaidi, kwa sababu makala yakishashika moto hayatoi moshi wa kuonekana. Masizi yanatoka hasa wakati wa kuwasha, watu wanapotumia karatasi, vipande vya plastiki au kuni mbichi, na kwenye mafuta ya kukaangia sambaza, samaki wadogo wa ziwani. Masizi hayo yanapanda na kushika dari na sehemu ya juu ya kuta. Jicho linapokutana na giza juu, linakiona chumba kimeshuka. Dari ya mita 2.4 iliyojaa masizi inakandamiza kuliko ya mita 2.2 iliyo safi.

Dawa ya kwanza haigharimu kitu: washia mbabula (jiko la makala) nje, uingize ndani makala yakishakuwa mekundu. Masizi yatapungua sana. Lakini hapo usidanganyike. Makala mekundu yasiyo na moshi yanaendelea kutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua. Usiku wa Goma una baridi, mji uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na baridi ndiyo inayowafanya watu wafunge kila kitundu. Mbabula isilale ndani ya nyumba hata kama imebaki majivu ya moto tu.

Dawa ya pili ni matundu mawili, si moja. Watu wengi wana kidirisha kimoja juu na wanashangaa kwa nini moshi hautoki. Hewa ya moto haitoki kama hakuna hewa baridi inayoingia kuchukua nafasi yake. Toboa tundu la chini, sm 20 kwa 30, upande wa mlango au karibu nao, na la juu, sm 20 kwa 40, kwenye ukuta unaokabiliana nao, karibu kabisa na paa. Yote mawili yawekewe wavu wa chuma kwa ajili ya panya. Ukishamaliza, shika karatasi inayofuka karibu na tundu la juu. Moshi ukivutwa nje, kazi imekwenda sawa. Ukirudishwa ndani, upepo unasukuma upande huo: funga nje kipande cha tole (bati) kilichoinama kama kofia, kiache wazi upande wa chini na pembeni.

Kama unapikia sehemu moja siku zote, tengeneza kofia ya tole juu ya mbabula. Izidi mdomo wa mbabula kwa sm 10 hadi 15 kila upande, ikae juu kiasi cha mpishi kutogonga kichwa, na bomba lake liwe na kipenyo cha sm 15. Bomba jembamba la sm 8, lile ambalo fundi anapenda kwa sababu lilibaki kwenye kazi nyingine, linajaa masizi na kurudisha moshi. Lipandishe sm 60 juu ya paa, livishe kofia ya mvua, na lisiguse mbao ya paa: acha nafasi ya sm 15 au zaidi pande zote, uizibe kwa tole. Mabati ya huku yanaliwa na kutu haraka, kwa sababu gesi za volkano ya Nyiragongo zinaifanya mvua kuwa na asidi, basi kagua maungio ya bomba kila mwanzo wa mvua.

Nyumba za mbao zinahitaji jambo moja zaidi. Ukuta ulio nyuma ya mbabula ukinge kwa tole, lakini tole lisipigiliwe moja kwa moja kwenye mbao. Tole lililobanana na ubao linapitisha joto lote, na ubao unaungua ndani kwa ndani bila mtu kuona. Liweke mbele ya ubao kwa nafasi ya sm 2.5, likishikwa na vipande vya bomba la chuma, na uache wazi chini na juu ili hewa ipite.

Mchana kweupe unawasha taa

Mwanga wa dirisha unafika ndani kiasi cha mara mbili hivi ya kimo cha ukingo wake wa juu kutoka sakafuni. Dirisha linaloishia mita 1.5 linamulika karibu mita 3 na hapo tayari kwa udhaifu. Likiishia mita 2.1, linafika zaidi ya mita 4. Kwa hiyo dirisha dogo lililo juu linasaidia kuliko pana lililo chini. Kadirio linalotumika ni kioo chenye ukubwa wa sehemu moja ya kumi ya sakafu. Jiko la mita 2 kwa 2.2 lina mita 4.4 za mraba, basi linahitaji kioo cha sm 60 kwa 75 hivi.

Pale ambapo ukuta umepakana na jirani na dirisha haliwezekani, mwanga utoke juu. Ondoa tole moja, weka la plastiki linalopitisha mwanga. Chagua lenye mawimbi yanayolingana na mabati yako, lilale juu ya jenzake kwa sm 20, na misumari ipigwe kwenye kilele cha wimbi, si bondeni ambako maji yanapita. Lisiwe juu ya mbabula. Litalainika, lipinde, na likishapinda linavuja. Lioshwe upande wa ndani kila baada ya miezi kadhaa, la sivyo linakuwa tole la kawaida lililogharimu zaidi.

Taa ya usiku nayo ina kosa lake la kawaida: ampuli (balbu) moja katikati ya dari. Mpishi anasimama kati ya taa na sahani, anakatia kitunguu ndani ya kivuli chake mwenyewe. Sogeza ampuli iwe juu ya ukingo wa meza ya kazi, mbele ya kichwa chako. LED ya wati 9 inatosha jiko dogo. Wenye sola wanaweza kubandika utepe wa LED wa volti 12 chini ya etajeri (rafu), ukuta wote wa kazi ukawaka, na ukuta unaowaka unaonekana uko mbali.

Ukigeuka unagonga kitu

Hapa ndipo nafasi nyingi inapopotelea. Anza kwa kuhesabu vilivyo sakafuni.

*Maji.* Bido la lita 20 linachukua takriban sm 30 kwa 25. Sita zikipangwa chini zinakula karibu nusu mita ya mraba, sehemu ya kumi ya jiko tulilotaja, na hapo hujahesabu nafasi ya kuinama na kuinua. Usizipandishe kwenye etajeri ya ukutani: moja ikiwa imejaa ina kilo 20. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni pipa moja la plastiki la lita 120 lenye bomba chini, juu ya kiti cha matofali cha kimo cha sm 50. Linakaa kwenye kipenyo cha sm 50 hivi, ndoo inaingia chini ya bomba, na hakuna anayeinama kumimina. Kiti kiwe imara kweli, pipa likijaa lina kilo 120. Ya pili, kwa asiye na pipa, ni kujenga meza ya kazi yenye uwazi wa sm 45 chini yake na kuzipanga bido humo kwa mstari mmoja, mishikio ikitazama nje. Mstari mmoja tu. Mstari wa pili nyuma hutaufikia, na utarudi kuziacha katikati ya njia.

*Makala.* Gunia linaloshushwa kwenye chukudu (baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo) halina kazi jikoni. Linachukua kona nzima, na vumbi lake jeusi linashika kila kitu kila mtu anapochota. Libaki nje chini ya paa, juu ya mawe au mbao za kimo cha sm 10 ili lisinyonye unyevu wa ardhi. Ndani iingie ndoo moja yenye kifuniko, ya kutosha siku moja au mbili. Wenye hofu ya wezi, na hofu hiyo ina sababu, watengeneze kasha la mbao lenye kufuli kwenye baraza. Likiwa na kimo cha sm 45 linakuwa pia benchi la kukalia.

*Mlango.* Mlango wa sm 80 unaofungukia ndani unadai robo duara ya nusu mita ya mraba ambayo huwezi kuweka kitu kamwe. Geuza bawaba ufungukie nje. Kazi hiyo haimalizi asubuhi. Angalia tu usifungukie kwenye ngazi au njia ya majirani, na uwe na ndoano ya kuushika wakati upepo wa ziwa unavuma.

*Sufuria kubwa.* Zile za harusi na matanga, ambazo nyumba inazitumia mara chache kwa mwaka, zitundikwe juu ya mlango kwa ndoano zilizoingia kwenye mhimili wa paa, au ziwe maghala: unga ndani ya moja, maharagwe ndani ya nyingine, vifuniko juu. Sufuria tupu inayokaa sakafuni ni anasa.

*Kinu.* Uani. Kutwanga sombe (majani ya muhogo) kunahitaji nafasi ya kuinua mikono, na hakuna jiko dogo lenye nafasi hiyo.

Baada ya hapo pima njia. Mpishi mmoja anahitaji sm 90 kati ya meza na ukuta wa pili. Chini ya sm 75 hataweza kuinama kufungua kitu. Kama wanapika wawili wanaopishana, sm 110 hadi 120. Njia ikikosa upana, punguza kina cha meza. Watu wanaiga meza za sm 60 kwa sababu ndicho kipimo cha makabati ya dukani, kilichowekwa kwa ajili ya mashine za kuosha na jiko la oveni. Kwa ubao wa kukatia na beseni, sm 45 zinatosha, na zile 15 zilizobaki unazirudisha miguuni.

Etajeri zinapinda au zinang'oka na misumari yake

Sakafu ikishasafishwa, vitu vinapanda ukutani, na ukuta wa Goma una tabia zake.

Kwenye nyumba ya mbao, kosa ni kufunga etajeri kwenye ubao wa ukuta wenyewe. Ubao wa sm 2 au 2.5 haushiki skurubu ya mzigo. Tafuta nguzo kwa kugonga: panapolia wazi ni ubao mtupu, panapolia kizito kuna nguzo. Skurubu ziingie kwenye nguzo angalau sm 4. Usitumie misumari, kwa sababu sahani zikiwekwa na kutolewa kila siku msumari unalegea.

Kwenye ukuta wa mawe ya lava, drili inateleza, jiwe lina matundu, na plagi ya plastiki inazunguka ndani yake bila kushika. Usipigane na jiwe. Simamisha mbao za 5 kwa 7, zile mafundi wanaziita shevroni, kutoka sakafuni hadi dari, moja kila sm 60, uzikaze juu kwenye mbao ya paa na katikati kwa skurubu inayoingia kwenye maungio ya saruji kati ya mawe. Etajeri zifungwe kwenye shevroni. Uzito unashuka sakafuni, jiwe linafanya kazi ya kuzuia zisiyumbe tu.

Etajeri kupinda katikati husababishwa na mbao mbichi au mishikio iliyo mbali. Mkaratusi uliopasuliwa juzi utajikunja ukikauka hata ukiufunga kwa nguvu gani. Nunua uliokauka, au upange chini ya paa na vijiti kati ya ubao na ubao kwa miezi miwili mitatu. Mshikio uwe kila sm 60. Kina cha etajeri ya juu kisizidi sm 30, na iwe sm 45 hadi 50 juu ya meza, vinginevyo itakuwa mbele ya paji la uso wako na jiko litakubana upya. Ya mwisho kabisa iende hadi karibu na dari, kwa vitu vya mara chache. Pengo la vumbi kati ya kabati na dari halimsaidii mtu.

Swali la wazi au la milango: weka milango au pazia chini, acha wazi juu. Chini ndiko kuna fujo. Juu, milango inafunga mwanga na kulisogeza jiko karibu na uso.

Ukikoroga fufu (ugali) kiwiko kinagonga ukuta

Mwiko unahitaji sm 60 wazi upande wa mkono unaokoroga, na nguvu inatoka mabegani kwenda chini. Kwa hiyo mahali pa fufu pasiwe kwenye kona wala pasiwe na kimo cha meza. Meza ya kukatia ikae sm 10 hadi 15 chini ya kiwiko chako, kwa wengi ni sm 85 hadi 90. Mahali pa mbabula pawe chini zaidi, kiasi kwamba mdomo wa sufuria ukae karibu na nyonga. Jukwaa la matofali la sm 30 hadi 40 kwa kawaida linatosha, kutegemea kimo cha mbabula. Likiwa limejengwa, majivu nayo hayatembei jikoni kote.

Wenye jiko la umeme wana nafuu ya nafasi, ila sahani moja ya wati 2,000 kwenye volti 220 inavuta karibu ampea 9. Ralonje (waya wa kuunganishia) nyembamba ya redio itayeyuka. Tumia waya wa milimita za mraba 2.5 kutoka kwenye kikatio chake.

Dari iko chini, fundi anataka kuchimba sakafu

Mkatalie. Sehemu za magharibi mwa mji na kando ya ziwa, Himbi na Kyeshero zikiwemo, zina mazuku: gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa, inayotuama mabondeni. Jiko lililo chini ya usawa wa uwanja linakuwa bonde. Mahali pengine ambako gesi haipo, shimo hilo litakusanya maji ya mvua. Ng'oa plafo (dari ya kupachika) badala yake, kama ipo ya bapa: fuata mteremko wa paa kwa tripleksi (plaiwudi) iliyopakwa rangi nyeupe isiyong'aa, na upande wa juu utaongezeka sm 30 au zaidi.

Rangi ni mpya lakini madoa yanarudi, au bado ni giza

Madoa ya kahawia yanayopenya rangi mpya ni masizi na mafuta yaliyoachwa chini yake. Rangi ya maji inayayeyusha na kuyapandisha juu, hata ukirudia mara nne. Osha kwa maji ya moto na soda au sabuni ya unga, kutoka chini kwenda juu ili mchirizi usiweke alama, suuza, acha siku nzima ikauke. Mkono wa kwanza uwe rangi ya mafuta, ndiyo inayofunga doa. Juu yake unaweza kupaka unayotaka baada ya kupitisha msasa mwepesi.

Nyeupe kabisa si lazima. Krimu hafifu inarudisha mwanga mwingi na inavumilia vumbi jeusi la huku. Muhimu ni kuta na dari ziwe za rangi moja, bila mstari unaokata ukuta katikati. Ule mtindo wa kupaka nusu ya chini rangi ya kahawia ili uchafu usionekane unapunguza jiko nusu yake. Kama unahofia uchafu, weka karo (vigae) za rangi nyepesi sehemu ya kupikia peke yake, au rangi ya mafuta inayong'aa kidogo inayofutika.

Ukuta wa lava ulio wazi unameza mwanga wote. Upige plasta ya saruji moja kwa mchanga nne, unene wa sm 1.5, baada ya kuulowesha. Plasta ikianguka vipande vipande, jiwe lilikuwa na vumbi au kavu likanyonya maji ya saruji.

Nyumba ni ya kupanga

Kwa mpangaji: geuza mlango kwa ruhusa ya mwenye parsele (kiwanja), shevroni zibanwe kati ya sakafu na dari kwa kabari bila kutoboa, pipa na kasha la makala ni vyako na utahama navyo. Matundu ya hewa mjadiliane mapema. Mwenye nyumba akikataa, pikia barazani.

Umefanya yote, bado hapatoshi

Chini ya mita 3 za mraba, jiko halitoshi kazi zote, na kulipamba ni kupoteza. Gawanya. Ndani ibaki kupika na kuhifadhi. Kuosha vyombo na kutayarisha mboga kuhamie nje, chini ya kipaa cha tole kinachotoka mita 1.2 kutoka ukutani, kilichoinama sm 15 ili mvua ishuke mbali. Jenga chini yake jiwe la kuoshea la kimo cha sm 80, lenye mteremko wa sm 2 kwa kila mita kuelekea kwenye mfereji. Ardhi ya lava inameza maji haraka ukichimba shimo la mawe la nusu mita, lakini weka kichujio cha wavu mdomoni, kwa sababu punje za wali na majani ya sombe zikijaa humo, maji yatarudi mlangoni mwako.